Bibi wa Idete alitutuma Basel

Leo kaeni mkao wa kula, nina safari ya kusimulia. Kuna watu pale Kibaoni walisikia kwamba madam alikwenda Ulaya na watoto wa shule, basi mpaka leo wananidai zawadi. "Madam, umetuletea nini? Madam, mshiko huo, tukumbuke na sisi!" Jamani, mshahara wa mwalimu mnaujua. Nilichorudi nacho ni chokoleti zilizoyeyuka kabla basi halijafika Mikumi, pamoja na hadithi hii. Chokoleti zilishaliwa zamani.

Ilikuwa Agosti 2023. Wanafunzi wanane wa kidato cha tatu, mwalimu mwenzangu wa Hisabati, na mimi wa Baiolojia. Kutoka Ifakara mpaka Basel, Uswisi, wiki mbili. Wenzao wa Basel walikuwa wametangulia kuja kwetu mwaka mmoja kabla. Walikula kambale, wakapanda mpaka maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, wakajaribu kupura mpunga wakachubuka viganja, na wakapiga picha. Hizo picha tutazirudia, subirini kidogo. Sasa ilikuwa zamu yetu, maana kubadilishana ni nipe nikupe.

Ila nipe yao na nikupe yetu hazina uzito mmoja. Kijana wa Basel akija Bongo analipa dola 50 za viza, anagongewa muhuri, anaingia. Mtoto wa Ifakara akitaka kwenda kwao, kwanza pasipoti, shilingi 150,000. Halafu viza, ambayo mwaka 2023 ilikuwa euro 80. Halafu barua ya mzazi, barua ya mkuu wa shule, bima, na karatasi za benki. Karatasi za benki! Mzazi ambaye akiba yake yote imesimama kwenye magunia pembeni ya kitanda, aitoe wapi karatasi ya benki? Bahati wenyeji wetu walisimama kama wadhamini, vinginevyo tungeishia Kidatu tukiangalia miwa.

Binti mmoja hata cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Wala usitafute wa kumlaumu. Alizaliwa ng'ambo ya mto, shambani, msimu wa mpunga, wakati familia nzima zinapohamia kwenye madungu kwa miezi kadhaa kulinda mazao yasiliwe na ndege na nguruwe. Ikabidi baba mtu awe kiguu na njia. Leo kwa mtendaji, kesho shule ya msingi aliyosoma mtoto, keshokutwa ofisi hii na ile, wiki tano nzima na mpunga wake akamwachia shemeji. Cheti kikapatikana zikiwa zimebaki siku chache mlango ufungwe.

Binti huyo ndiye mwenye hadithi yangu. Kwao ni Idete, kwa hiyo nitamwita Binti Idete, jina lake la daftari halitawasaidia kitu.

Sasa msomaji wa Sinza au Kariakoo atauliza, Ifakara na Basel wapi na wapi? Ndugu yangu, hao wanajuana siku nyingi. Mtu wa Dar akisikia Ifakara anawaza mchele na mafuriko. Profesa mmoja wa Basel, Rudolf Geigy, aliwaza mbu. Alifika mwaka 1949, akawakuta Wakapuchini wa Kiswisi na misheni yao na hospitali, na mwaka 1957 akaanzisha maabara ndogo ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1961 pakaongezwa kituo cha kufundishia wahudumu wa afya. Maabara ile ndiyo iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Geigy mwenyewe alitoka kwenye ukoo wa kiwanda cha Geigy, ambako mkemia Paul Müller aligundua mwaka 1939 kwamba DDT inaua wadudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Na Coartem, ile dawa ya mseto ambayo wengi wetu tumeimeza na ugali, ni ya Novartis, kampuni yenye makao makuu hukohuko Basel. Kwa kifupi, mbu wa Kilombero ana jina kubwa Basel kuliko mbunge yeyote tuliyewahi kumchagua.

Idete nayo ina ukurasa wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wa dunia nzima walikitolea macho kijiji hicho, ingawa wenyewe walikuwa wanalima tu. Daktari wa Colombia, Manuel Elkin Patarroyo, alikuwa ametengeneza chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, na Idete ikawa mahali pa kuijaribu. Wakachukuliwa watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Karibu nusu yao walichomwa chanjo, waliobaki walichomwa sindano isiyo na chanjo ile, na hakuna mzazi aliyeambiwa mwanawe kapata ipi. Mama yake Binti Idete alikuwa mmoja wa watoto hao, akiwa na miaka mitatu. Aliyempeleka ni bibi, na bibi yuko hai, mzima wa afya, ana mdomo wa pilipili kichaa.

Siku moja kabla ya safari bibi huyo alipanda bodaboda mpaka shuleni. Hakutaka hata kiti.

"Mwalimu," akaniambia, "hao mnaokwenda kwao ndio waliomchoma mwanangu sindano tatu. Nimengoja miaka thelathini sijaambiwa kitu. Niulizieni. Ilikuwa dawa, au ilikuwa maji?"

Mwalimu wa Hisabati akacheka. Bibi akamtazama, kile kicheko kikarudi kilikotoka. Halafu akamgeukia mjukuu wake. "Mwalimu anaweza kusahau, ana mambo mengi. Wewe usisahau."

Basi bwana, tukaondoka. Kila mtoto na koti lake zito la mtumba, maana tulishaambiwa Ulaya ni baridi, utagandia njiani. Tukashuka Zurich asubuhi, tukapanda treni kama saa moja hivi mpaka Basel. Kasheshe! Joto lilikuwa linapita nyuzi 30, na wiki ile Uswisi nzima ilikuwa inatokota. Watoto wetu wamevaa makoti mpaka shingoni, jasho linawatoka kama wapo Mlimba mwezi wa kumi na moja, na wenyeji wametupokea na kaptula. Hakuna aliyekubali kulivua. Koti la shilingi elfu ishirini halivuliwi kirahisi namna hiyo.

Mambo ya majuu ni mengi, nitawapa machache. Jioni wenzetu wanakula baridi: mkate, jibini, nyanya, basi. Kijana mmoja akaninong'oneza kwenye simu ya mwenyeji wake, "Madam, hiki ni cha kuanzia au ndiyo chenyewe?" Taka zao zinatupwa kwenye mfuko maalumu wa bluu, unauzwa bei mbaya kwa makusudi ili utupe kidogo. Mwalimu wa Hisabati alipiga hesabu akagoma kula ndizi, eti maganda yake ghali. Na Jumapili mji unanyamaza kimya. Ukicheka kwa nguvu kwenye tramu watu wote wanageuka, na kwa watoto waliokulia karibu na spika za Viwanja Sitini hiyo ilikuwa adhabu.

Kubwa lilikuwa mto. Basel imekatwa katikati na mto Rhein, na kiangazi watu wanajitupa mtoni baada ya kazi, wanaelea na maji mpaka karibu na nyumbani. Nguo na viatu wanavitia kwenye mfuko usiopitisha maji wenye umbo la samaki, unaitwa Wickelfisch. Mama mtu mzima, karani wa benki, anapita anaelea na mfuko wake kifuani! Wanafunzi wangu walisimama ukingoni wameduwaa. Kijana mmoja wa Kivukoni, ambaye amezaliwa na kukua akisikia nani kachukuliwa na mamba na nani kapinduliwa na kiboko, akauliza kwa adabu zote, "Samahani, mamba wa huku wamefungiwa wapi?" Wenyeji walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Siku zote kumi na nne hakuloweka hata kidole.

Lakini kijana huyohuyo ndiye aliyegundua kivuko. Basel ina madaraja ya kutosha, na daraja lake la kwanza juu ya Rhein lilijengwa mwaka 1226, enzi za mababu wa mababu. Juu ya hayo bado kuna vivuko vinne vidogo vya mbao, havina injini. Kamba ya chuma imevutwa kutoka ng'ambo hii hadi ile, boti imefungwa kwenye kamba, na nguvu ya maji peke yake inaisukuma. Tulipanda. Hakuna mlio wowote, ni maji tu. Watoto wakaanza kuongea mambo ya kwetu. Kivuko chetu cha mto Kilombero kilipinduka usiku wa Januari 2016, upepo na mvua, na wapo darasani kwangu waliojua watu waliokuwamo. Daraja letu la mita 384, Daraja la Magufuli, likafunguliwa mwaka 2018, na tangu hapo hakuna anayekitamani kivuko. Kijana wa Kivukoni akawaeleza wenyeji hayo yote kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Mwenye boti alizima redio yake akasikiliza. Tulipofika ng'ambo akakataa nauli yetu.

Turudi kwenye zile picha. Siku ya nne shule ya wenyeji ikaandaa maonyesho ya safari yao ya Ifakara, wazazi wamejaa ukumbini. Picha ya kwanza, mtoto peku. Ya pili, choo cha shimo. Ya tatu, punda na mzigo. Ya nne, mtoto mwingine peku, ana makamasi. Picha arobaini na kitu, na hakuna hata moja yenye daraja, wala hospitali ya Mtakatifu Fransisko, wala maabara, wala mtu aliyevaa kiatu. Hata sisi waliotupiga picha tukiwa nadhifu getini hatukuwamo. Wazazi wanasikitika, wanatikisa vichwa, mmoja ananitazama kama nimefiwa. Watoto wangu wamenuna.

Hawakulalamika. Walikwenda kimya kimya wakafanya kazi siku tatu na simu zao, na zamu yao ya kuonyesha ilipofika wakapanda jukwaani. Picha ya kwanza, mlevi amelala kituo cha treni. Ya pili, kinyesi cha mbwa. Ya tatu, kuta zilizochorwa matusi. Ya nne, mlevi mwingine. Ya tano, kikongwe anakula peke yake kwenye benchi. Binti Idete ndiye aliyekuwa msemaji, na sauti yake ilikuwa ya huruma ileile tuliyoisikia siku ya nne: "Hawa ni watu wa Basel. Maisha yao ni magumu, lakini wanatabasamu."

Ukumbi ukawa kimya, tuli. Mwalimu mwenyeji akawa mwekundu kama nyanya. Nikasema moyoni, hapa tunarudishwa nyumbani leo leo. Mara mtoto mmoja wa Kiswisi akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, na yule mwalimu akainama akacheka mpaka akafuta machozi. Jioni ile picha zote za pande mbili zilimwagwa mezani wakaanza kuchagua upya, pamoja, wakigombana. Mimi kwa maoni yangu ule ugomvi ulizidi thamani ya tiketi ya ndege. Hapo ndipo walipoanza kujuana, si kule kwenye kupeana kofia na mikeka ya milala.

Zikabaki siku tatu, na swali la bibi halijaulizwa. Binti Idete alikuwa analibeba kama yai.

Mwenyeji wake akatuambia kuna nesi mstaafu, anakaa mtaa wa pili, aliwahi kufanya kazi Ifakara miaka ya 1990. Tukaalikwa chai. Mlango ukafunguliwa na mama mfupi mwenye fimbo. Watoto wakainama, "Shikamoo mama!" Akasimama pale mlangoni, midomo inatetemeka, halafu akajibu, "Marahaba wanangu, karibuni ndani, msivue viatu." Kiswahili kimenyooka, lafudhi ya kwetu kabisa, ila cha zamani. Anauliza kama kivuko bado kinaharibika kila masika. Anauliza kama pale mtoni bado wanabanika kambale. Watoto wanacheka, wanamfundisha maneno mapya, yeye anayaandika kwenye bahasha.

Nikamkonyeza Binti Idete. Akavuta pumzi, akaeleza kila kitu. Mama yake, miaka mitatu, sindano tatu, bibi. "Bibi anauliza, ilikuwa dawa au maji?"

Yule mama akaweka kikombe chini.

"Sijui," akasema. "Hata sisi tulioshika sindano hatukujua. Ndivyo ilivyotakiwa. Ningejua, ningewatazama wale wa chanjo kwa jicho jingine, ningesema huyu hana homa kumbe anayo. Orodha ilifungwa, ikafunguliwa mwisho." Akatueleza yaliyotoka. Idete chanjo ilionekana kupunguza malaria kwa asilimia 31, ikaandikwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 1994, watu wakashangilia. Halafu ikajaribiwa Gambia, ikajaribiwa Thailand, haikukinga. Ikawekwa kando.

"Kwa hiyo hata kama ilikuwa dawa, haikuwa dawa," akasema Binti Idete.

"Haikuwa dawa ya kutosha."

"Na mama yangu alichomwa bure."

Hapo hata mwalimu wa Hisabati alitazama sakafu. Yule mama hakukimbilia kujibu. Kisha akasema kwamba bure si neno lake, lakini hawezi kumkataza mtu mwingine kulitumia. Akasema baada ya hapo Ifakara ilikuja na vyandarua vya Zuia Mbu, hiyo ni 1997, na kwamba chanjo ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021, ilijaribiwa pia hapa Tanzania, Bagamoyo na Korogwe, na watu waliokwishajifunza namna ya kujaribu. Mahali pamojawapo walipojifunzia ni kwa watoto wa Idete. "Mwambie bibi, mama yako ni mmoja wa walimu wao. Lakini mwambie pia kwamba tulipaswa kurudi tukaeleza nyumba kwa nyumba, na mimi nilikuwa nimeshahama."

Binti Idete akaandika yote, mistari miwili kwa kila jambo. Mimi nilikuwa nawaza vile vitabu vyetu vya Baiolojia, mchoro wa mbu umejaa ukurasa mzima, miguu sita yote imeandikwa majina, na Idete haimo hata kwa wino mdogo.

Tuliporudi, nilimsindikiza Idete kutoa ripoti. Bibi alisikiliza yote bila kukatiza, jambo ambalo wajukuu zake wanasema halijawahi kutokea.

"Yaani hata nesi hakujua?"

"Hakujua, bibi."

"Sasa alijua nani?"

"Karatasi."

Bibi akachukua muda. Akaokota punje ya mpunga mkekani, akaitafuna. "Basi mwanangu alichezeshwa bahati nasibu, na tiketi nilimkatia mimi." Mama mtu alikuwa anapepeta mchele pembeni, akasema yeye anachokumbuka ni kwamba sindano ya pili iliuma kuliko zote, na kwamba alinunuliwa kitumbua. Bibi akakataa, hakukuwa na kitumbua. Wakabishana kuhusu kitumbua mpaka jua likazama. Mwisho bibi akauliza, "Na huyo mama, hajambo?"

"Magoti yanamsumbua."

"Aje. Kambale wapo."

Msomaji, alikuja. Julai 2024, pamoja na kundi jipya la wanafunzi wa Basel, fimbo mkononi. Tulimfikisha Idete na gari la kukodi, na sisi wote tukajipanga kusikiliza, simu tayari kwa picha. Bibi akatutoa nje. Wote, mpaka mama mtu. Mlango ukarudishwa. Tulikaa chini ya mwembe zaidi ya saa mbili tukisikia sauti mbili za wazee, mara zinapanda, mara zinashuka, kuna wakati nilidhani wanagombana na kuna wakati nilidhani mmoja analia. Walipotoka walikuwa wameshikana mikono, na bibi akaagiza chakula kiletwe. Mpaka leo hakuna aliyetuambia walichoongea. Binti Idete amejaribu mara tatu, anaambiwa akasome.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, nitawapa ile ya mwalimu wa Hisabati na mbwa wa mwenyeji wake. Si ya kukosa.